Kadi ya Mchango na Sahani ya Pilau: Mjadala juu ya Harusi ya Bajeti Ndogo

MHASIBU: Harusi ya bajeti ndogo haina budi kuanza na swali ambalo kamati nyingi huliruka, nalo ni kiasi gani cha fedha kipo mkononi leo, wala si kiasi gani kimeahidiwa. Utaratibu uliozoeleka katika miji ya Tanzania huenda kinyume cha hapo: kwanza hupangwa ukubwa wa sherehe, kisha hutafutwa fedha za kuitosheleza, na ndipo huchapishwa kadi za mchango, yaani kadi zinazomwomba ndugu, jirani au mfanyakazi mwenza atoe kiasi fulani kabla ya tarehe fulani, zikiwa na namba za simu za mwenyekiti na mhazini kwa ajili ya kupokelea pesa. Anayepewa kadi hutamka ahadi, ahadi huandikwa, na jumla ya ahadi hizo husomwa kikaoni kana kwamba ni fedha taslimu. Ukumbi hulipiwa kianzio, mpambaji hupewa oda, ng'ombe hutafutwa, na zikibaki wiki mbili hubainika kwamba sehemu ya ahadi haitalipwa kamwe. Pengo hilo huzibwa na maharusi wenyewe, mara nyingi kwa kukopa, na mkopo ulio karibu zaidi na mtu mwenye haraka ni ule ambao watu wameupa jina la kausha damu, mkopo mdogo wa riba kubwa unaorejeshwa kila siku au kila wiki.

MWENYEKITI WA KAMATI: Maelezo hayo yanaitazama kamati kama sanduku la kukusanyia pesa, ilhali kamati ni watu. Familia inapomchagua mwenyekiti, katibu na mhazini, kisha ikagawa kamati ndogo za chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, usafiri, burudani na picha, inawatua maharusi mzigo ambao wawili peke yao wasingeubeba. Mjumbe mmoja anafahamiana na mwenye ukumbi na atapunguziwa bei. Wa pili ana gari litakalofungwa maua bila kukodiwa. Wa tatu ana shemeji mfugaji, hivyo ndafu, yaani yule mbuzi anayechomwa mzima na kuletwa mbele ya maharusi akiwa na majani mdomoni, hupatikana kwa bei ya nyumbani. Maharusi wasio na kamati hununua kila kitu kwa bei ya mgeni. Tena daftari la mhazini ni kumbukumbu ya deni la heshima, kwa kuwa zipo familia zinazolihifadhi kwa miaka mingi, na mtoto wa jirani anapooa hulifungua wazione tarakimu alizotoa jirani huyo wakati wao walipokuwa na shughuli, ili ahadi yao isipungue kile walichopewa. Watu wasio na bima wala akiba benki wamejiwekea utaratibu huu wa kubebana, na anayeuita upotevu wa fedha ajiulize kwanza ataweka nini mahali pake.

MHASIBU: Deni la heshima haliwezi kutetewa bila kuangaliwa linalipia nini. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kadi ya mtu mmoja ni shilingi 50,000, kwamba sahani ya chakula kwa mpishi wa kukodi ni shilingi 20,000, na kwamba vinywaji vya mtu huyo ni shilingi 10,000, basi katika mchango wake shilingi 30,000 humrudia mwenyewe tumboni usiku uleule, na zinazobaki kwa maharusi ni shilingi 20,000. Wakiahidi watu 300 na wote wakalipa, hubaki shilingi milioni 6 za ukumbi, mapambo, keki, mshereheshaji, muziki, picha na nguo. Wakilipa 200 tu huku chakula kikiwa kimeagizwa cha watu 300, makusanyo ni milioni 10, chakula na vinywaji ni milioni 9, na kwa mambo mengine yote hubaki milioni moja. Hapo kamati huona njia moja tu, nayo ni kusambaza kadi zaidi, yaani kualika watu wengi zaidi ili faida ndogo inayobaki kwa kila mmoja ijaze pengo, na kila mgeni mpya huja na sahani yake, kiti chake na nafasi yake ukumbini. Kwa njia hiyo sherehe hukua kwa sababu imekosa fedha, jambo ambalo wageni walioketi chini ya mapambo hawaligundui.

(Hesabu hii ni ya mfano, na bei za Dar es Salaam haziwi zile za Singida. Kinachostahili kuangaliwa ni uhusiano wa tarakimu zenyewe, ambao haubadiliki sana hata bei zikipanda au kushuka, na ambao ni nadra kusomwa kikaoni kwa sauti.)

MWENYEKITI WA KAMATI: Kamati yenye uzoefu haiagizi chakula cha watu 300 kwa ahadi za watu 300. Kadi ya mchango hutangulia, kadi ya mwaliko hufuata, na kadi ya mwaliko humfikia aliyekwisha kulipa. Siku chache kabla ya sherehe orodha hufungwa, na mpishi hupewa idadi ya waliomo. Mkasa unaoelezwa ni wa kamati legelege. Zaidi ya hayo, ukusanyaji umerahisika tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ya simu ikafuata, kwa sababu mhazini hatembei tena nyumba kwa nyumba na bahasha, na kila shilingi inayoingia huacha ujumbe wenye tarehe na jina. Hata tozo za miamala zilizoanza Julai 2021, ambazo ziliwafanya wachangiaji walalamike kwamba mchango unakatwa kabla haujafika, hazikuvunja utaratibu huo.

MHASIBU: Simu imerahisisha kupokea, lakini imerahisisha zaidi kuomba. Aliyekuwa akipeleka kadi 80 kwa mkono, akiangalia uso wa kila anayempa, sasa hufungua kundi la WhatsApp lenye majina ya maharusi na kuwaingiza humo watu 400 bila kuwauliza. Katika kundi hilo kuna orodha inayonakiliwa na kurushwa upya kila mtu anapoongeza jina lake, yenye namba, jina, kiasi cha ahadi, na alama ya vema ya kijani mbele ya aliyemaliza kulipa. Aliyelipa nusu huandikwa kwamba amepunguza, na asiyelipa hukaa wazi, jina lake likisomwa asubuhi na jioni na wakwe, wakubwa zake wa kazi na vijana aliowafundisha shule. Mwalimu au muuguzi anaweza kuwa ndani ya makundi matatu ya namna hiyo kwa mwezi mmoja. Kuliita jambo hilo kubebana ni kusahau kwamba anayebeba hakupewa nafasi ya kukataa.

Na Mzee Mwenyekiti, alipoeleza kwamba kadi ya mwaliko humfikia aliyekwisha kulipa, amekiri jambo zito kuliko yote, kwamba kadi hiyo imekuwa tiketi. Mjomba aliyembeba bwana harusi mgongoni utotoni, na ambaye msimu huu hakuvuna kitu, atabaki kijijini, na kiti chake kitakaliwa na mtu kutoka ofisi ya jirani ambaye hajui hata jina la bibi harusi.

SHEKHE: Kwa Waislamu jambo hilo lina hukumu yake iliyo wazi. Walima, yaani karamu ya kutangaza ndoa, ni sunna, na kipimo chake kilitajwa pale Abdurrahman bin Auf alipooa na Mtume akamwagiza afanye walima japo kwa kuchinja mbuzi mmoja. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inakihesabu kuwa kibaya chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri. Kwa hiyo karamu ambayo mlango wake hufunguliwa kwa risiti ina kasoro katika asili yake, hata ikiwa na pilau ya ng'ombe watano. Ndoa yenyewe haihitaji mengi: akdi hufungwa msikitini baada ya sala, mbele ya walii na mashahidi, mahari hutajwa, halua na kahawa huzungushwa, na watu huondoka wakiwa wameshuhudia. Onyo hili si geni katika pwani hii. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah huko Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwakemea Waislamu wa zama zake kwa ufujaji wa mali katika sherehe.

SHANGAZI: Shekhe amesema kweli, lakini ameisema kweli ya upande wa wanaume. Halua na kahawa msikitini ni rahisi kwa sababu gharama imehamia nyumbani kwa wanawake, ambako kuna singo na hina, kuna kumlipa somo anayemfunda bibi harusi, kuna nguo za kila siku ya shughuli, kuna usiku wa kupambwa na kuonyeshwa ukumbini, na mahali pengi kuna sare ambayo kila mwanamke wa ukoo anatakiwa ainunue na kuishonesha. Wanaume hujisifu kwamba akdi ilikwisha kwa nusu saa na kwa gharama ya sinia chache za halua, huku mama wa bibi harusi akiwa ameuza bangili. Kushindana huku nako kuna historia ndefu: vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake iliyotamba Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vilishindana kwa mavazi na karamu hadi watu wakafilisika, na waliokemea walikemea, lakini wanawake hawakuwa na uwanja mwingine wa kuonekana. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama ahesabu shughuli zote, si ile moja yenye jina la ndoa. Bara nako ni vilevile: kuna kikao cha mahari, kuna kitchen party ambako wanawake humpa bibi harusi vyombo na mawaidha, kuna sendoff ambayo ni sherehe ya upande wa mwanamke ya kumuaga binti yao, kisha ndipo inafika harusi, na kila moja ina kamati yake, ukumbi wake na kadi zake, zinazowafikia watu walewale.

MHASIBU: Ongezeko hilo ndilo linalofichwa na bajeti za kamati, kwa kuwa kila kamati hutoa hesabu ya shughuli yake peke yake. Na mwishoni huwepo kikao cha kuvunja kamati, ambacho kwa jina ni cha kusoma mapato na matumizi, lakini mara nyingi salio lote huliwa na kunywewa hapo, ilhali maharusi hawana hata kodi ya mwezi wa pili.

MWENYEKITI WA KAMATI: Wajumbe waliokaa vikao kwa miezi mitatu, kila Jumapili, kwa nauli zao, hawawezi kuonewa choyo kwa jioni moja. Lakini hoja hiyo na ipite, maana iko kubwa zaidi. Wanaopendekeza harusi ya watu 30 wanadhani ndoa ni mkataba wa watu wawili unaohitaji kushuhudiwa tu, na ushahidi ni kitu kidogo. Ndoa ni kutambuliwa. Mwanamke aliyeolewa bila watu hana wa kumuuliza mumewe siku mambo yanapoharibika, na mwanamume aliyeoa kimyakimya hana wa kumtuma kwa wakwe. Na jamii ina jina lake kwa ndoa za namna hiyo: huziita ndoa za mkeka, yaani zile zinazofungwa chapuchapu bila maandalizi, mara nyingi baada ya wawili kukutwa pamoja, na binti asiye na kosa atakapofunga ndoa ndogo kwa sababu ya bajeti ataulizwa maisha yake yote kulikuwa na nini hata ikafanywa haraka. Injili ya Yohana, katika sura ya 2, inasimulia harusi ya Kana iliyoishiwa divai, na ishara ya kwanza ya Yesu ikawa kuiondolea familia ile aibu mbele ya wageni. Aibu hiyo basi si ya kubezwa kana kwamba imezuliwa mjini jana.

MHASIBU: Wenye harusi ya Kana walisaidiwa katika upungufu wao bila kukopa ili waonekane hawana upungufu, na mpaka huo ndio unaogombaniwa hapa.

MWANASHERIA: Suala la kutambuliwa linahitaji kutenganishwa na suala la karamu, kwa kuwa sheria imekwisha kuyatenganisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa zinazofungwa kwa taratibu za dini, kwa taratibu za kimila na kwa taratibu za kiserikali mbele ya msajili, na inachodai ni hiari ya wawili hao, sifa za kuoana, taarifa ya kusudio inayotolewa siku 21 kabla, na mashahidi wasiopungua wawili. Haitaji keki wala ukumbi. Hata mahari, ambayo katika mila nyingi ni kiini cha ndoa, sheria hiyo inasema katika kifungu cha 41 kwamba kutofuatwa kwa mila zinazoihusu hakuibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine.

Gharama ya sherehe ina madhara mengine ambayo kamati haziyaoni, kwa sababu hutokea kwa wale ambao kamati haikuundwa kabisa. Wapo wanaume na wanawake wengi wanaoishi pamoja mwaka hadi mwaka, wana watoto, na wakiulizwa kwa nini hawajafunga ndoa hujibu kwamba bado wanajipanga, maana yake hawajapata fedha za harusi. Wakatoliki kati yao hukaa bila komunyo muda wote huo, na ndiyo maana parokia nyingi hufungisha ndoa za pamoja, ambapo jozi kadhaa huapa katika misa moja na kurudi nyumbani kula wali wa kawaida. Kisheria, waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke huweza kunufaika na dhana ya ndoa chini ya kifungu cha 160, lakini dhana hiyo hukanushika kwa ushahidi, na anayelazimika kuithibitisha mahakamani, mara nyingi mwanamke, huwa anaithibitisha akiwa tayari amefukuzwa nyumbani au amefiwa. Siku 21 na mashahidi wawili vingemwepusha na yote hayo.

MWENYEKITI WA KAMATI: Basi wafunge kwa msajili, hakuna aliyewazuia. Jambo linalojadiliwa ni kama jamii inayoona ndoa hiyo imefungwa pasipo yenyewe kuitwa italazimika kuibeba itakapotikisika. Sheria hutoa cheti, lakini haitoi wazee wa kuketi sebuleni usiku na kusuluhisha.

MWANASHERIA: Wazee wa kusuluhisha ni mshenga na wale waliokaa kikao cha posa na mahari, na kikao hicho huwa cha watu wachache. Ni nadra kwa mtu aliyelipia kadi ya meza ukumbini kuitwa kusuluhisha chochote. Tena yafaa ijulikane kwamba sherehe nayo hufika mahakamani kwa njia yake: ndoa inapovunjika na mali ya wanandoa ikagawanywa chini ya kifungu cha 114, mojawapo ya mambo ambayo mahakama hutakiwa kuyatazama ni madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili, na hivyo mkopo wa siku moja ya furaha unaweza kubishaniwa na watu wawili ambao hawasemezani tena.

SHANGAZI: Mjadala huu umekaa muda mrefu kwenye fedha kana kwamba harusi imekuwa ikigharimu fedha tangu awali. Haikuwa hivyo. Harusi ya watu 300 iliwezekana kwa familia maskini kwa sababu chakula hakikununuliwa kwa sahani. Wanawake wa mtaa walikuja tangu Ijumaa mchana, kila mmoja na ungo wake, wakachambua mchele juu ya mikeka, wengine wakamenya vitunguu na kutwanga thomu, wengine wakakuna nazi, na alfajiri masufuria makubwa ya kuazima msikitini au kanisani yakainjikwa juu ya mafiga uani, wanaume wakipasua kuni na kushika miko mikubwa. Aliyekuwa hana shilingi alitoa mikono, na mikono yake ilimpa haki ya kukaa na kula. Kilichobadilika ni kwamba kazi ile yote imehamia kwa mpishi wa kukodi, viti na maturubai yamehamia kwa wakodishaji, mapambo yamehamia kwa mpambaji, hata nyimbo zimehamia kwa mshereheshaji, na kila kilichohama kimekuja na ankara. Kamati inakusanya pesa ili kununua kile ambacho watu walikuwa wakikitoa. Dawa yake si kupunguza watu. Ni kurudisha mikono.

MHASIBU: Shangazi ameeleza chanzo cha gharama vizuri kuliko hesabu zote zilizotangulia, na hata hivyo pendekezo lake lina gharama ambayo halikuitaja. Mikono inayorudishwa ni ya nani? Wanawake waliochambua mchele tangu Ijumaa walikuwa wanawake ambao Ijumaa yao ilikuwa mali ya kila mtu. Leo mwanamke huyo ana genge la kufungua, ana zamu hospitali, ana karani mwenzake anayemshikia nafasi. Siku mbili za uani ni mapato ya siku mbili, na hayaandikwi katika daftari lolote la mhazini. Harusi iliyokuwa rahisi ilikuwa rahisi kwa sababu wapo ambao kazi yao haikuhesabiwa.

SHANGAZI: Haikuhesabiwa kwa shilingi, lakini ilikumbukwa. Mwanamke aliyesimama mbele ya moshi kwenye harusi ya jirani alijua kwamba binti yake hatapelekwa kwa mumewe bila watu, na kumbukumbu ile haikuhitaji alama ya kijani. Isitoshe, aliyekuwa mgonjwa au mwenye mtoto mchanga hakuja na hakuna aliyemwandika. Fedha ndiyo isiyosamehe, kwa sababu fedha hulinganishwa. Ikiwa tatizo ni kwamba mzigo uliwaangukia wanawake, basi wanaume wameonyesha katika kila msiba wa pwani na bara kwamba wanaweza kupika wali wa watu 500 na ukaiva; wafanye hivyo pia kwenye furaha.

MWENYEKITI WA KAMATI: Shangazi ametaja msiba, na hapo ndipo tishio la harusi ya watu 30 lilipo. Orodha ya harusi na orodha ya msiba ni orodha moja. Watu walewale wanaoingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ndio wanaoingizwa usiku wa manane mzazi anapofariki, na kabla ya adhuhuri gari la kusafirisha mwili, sanda au jeneza, na chakula cha waombolezaji vinakuwa vimepatikana. Kijana anayesema hatachanga wala hatachangisha kwenye harusi atasimama wapi siku hiyo?

MHASIBU: Atasimama pale anaposimama mjomba aliyekosa kadi ya mwaliko, kwa kuwa mjomba yule, ambaye kwenye harusi hakuhitajika, kwenye msiba ndiye atakayechimba kaburi. Watu huenda msibani kwa sababu ya mauti yenyewe, na ni nadra kukutwa jamii iliyomwacha mtu na maiti yake eti hakuchangia keki. Mzee Mwenyekiti ameifunga misiba pamoja na harusi ili harusi ipate uzito ambao haina.

Isieleweke kwamba anayetetea bajeti ndogo anataka watu wasichange. Anayetaka kuwasaidia maharusi awape mchango bila sahani kurudi: kodi ya miezi sita, godoro, mtungi wa gesi na jiko lake, mashine ya kushonea, mtaji wa kuanzia. Vikoba, yaani vile vikundi vya watu wachache wanaoweka hisa kila wiki na kukopeshana, vimekwisha kuthibitisha kwamba watu wa kipato cha chini wanaweza kukusanya fedha nyingi kwa nidhamu. Nidhamu hiyohiyo ikielekezwa kwenye nyumba ya maharusi badala ya ukumbi wa saa sita, wangeanza maisha wakiwa juu ya sifuri.

MWENYEKITI WA KAMATI: Pendekezo hilo limejaribiwa na watu wengi, na linagonga mwamba palepale. Watu hutoa shilingi 50,000 kwa furaha wakijua wataketi, watacheza, wataonana na ndugu ambao hawajaonana nao miaka mingi, na watawatuza maharusi mbele ya kamera. Wakiambiwa watoe kiasi hichohicho kwa ajili ya kodi ya nyumba, hutoa 5,000, wengine hawatoi kabisa, na hao si watu wabaya. Mtu huchangia kile ambacho naye yumo.

SHEKHE: Kauli hiyo inaeleza tabia ya watu ilivyo, na yafaa ikubaliwe kwa ukweli wake, lakini haiwi hoja ya kuwatwisha maharusi deni ili tabia hiyo iridhike.

MHASIBU: Na kama mtu huchangia kile ambacho naye yumo, basi swali linarudi kwa waliomo. Bajeti ya harusi, kila inapopunguzwa, hupunguzwa mahali pamoja tu penye maana. Kubadilisha keki ya ngazi tano kuwa ya ngazi mbili, kukodi shela badala ya kushona, kufunga ndoa Alhamisi badala ya Jumamosi, kutumia ua wa nyumbani badala ya ukumbi, yote hayo husaidia na yote yafanywe. Lakini idadi ya watu huamua chakula, vinywaji, viti, ukubwa wa mahali na hata idadi ya magari, na pasipo mtu wa kuishika kalamu na kukata majina, hizo nyingine ni pesa za nauli. Kamati haiwezi kukata majina, kwa sababu kila mjumbe amekuja na ya kwake.

MWENYEKITI WA KAMATI: Ni rahisi kutamka kwamba majina yakatwe. Katika orodha ya watu 60 hakuna nafasi ya baba mkubwa wa Kigoma pamoja na watoto wake saba, na hakuna nafasi ya wazee wa jumuiya waliomsomesha bibi harusi kidato cha tano na cha sita walipomchangia ada kwa bahasha ndogondogo. Wazee hao hawatauliza hesabu ya sahani. Nani atakayesimama mbele yao na kuwaambia kwamba hawamo?

MHASIBU: Maharusi wenyewe, kabla kadi yoyote haijachapishwa, na bila kumtuma katibu wa kamati. Wakishindwa kulisema hilo wakiwa wachumba, watashindwa pia mwenye nyumba atakapodai kodi huku binamu akiomba mchango wa sendoff.

SHANGAZI: Basi waende, na waende wote wawili, kwa miguu yao, wakiwa na kilo ya sukari na kanga mkononi, wakae mpaka chai iletwe, na waeleze hali yao ilivyo bila kumsingizia mtu. Mzee aliyeelezwa atanung'unika siku hiyo na atakuja na kuku wake siku ya harusi, aitwe asiitwe. Aliyepata habari kwenye simu hatakuja, hata akitumiwa kadi ya watu wawili.

MWENYEKITI WA KAMATI: Na akija bila kuitwa, yeye na kuku wake na watoto saba, mpishi ameagizwa sahani 60.

SHANGAZI: Ndiyo maana pilau isipikwe na mpishi wa sahani.